Kibuyu cha Mbegu

Kila asubuhi Sinyati alifagia zizi la mbuzi, akateka maji mferejini, kisha akaingia ndani kumsaidia shangazi yake kuwasha moto. Juu ya mafiga, kwenye boriti iliyokuwa nyeusi kwa moshi, vilining'inia vibuyu vitatu. Kimoja kilikuwa cha tumbo, chenye maharage ya kula. Cha pili kilikuwa cha kodi, chenye rupia na hela, zile sarafu ndogo. Cha tatu, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa cha mbegu, na maharage yake yalichanganywa na majivu yasije yakaliwa na wadudu.

Shangazi Nkasiogi alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shemeji yake Lemburis alitaka kumrithi pamoja na nyumba na shamba la migomba. "Nina mikono miwili," Nkasiogi alimjibu, na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo alilipa kodi ya nyumba mwenyewe, rupia tatu kila mwaka, akizipeleka kwa miguu hadi boma la Wajerumani kule Arusha. Mwaka wa kwanza wanaume walicheka. Mwaka wa nne hakuna aliyecheka.

Lakini mwaka wa tano ulikuwa mgumu. Wazungu walikuwa wanapigana vita, na bidhaa hazikufika tena kutoka pwani. Walowezi waliwaachisha vibarua kazi. Dukani kwa Mhindi rafu zilikuwa tupu, na ndizi zilirudi kutoka sokoni zimeiva kupita kiasi. Kodi tu ndiyo haikupungua hata hela moja. Jumbe alitangaza kwamba ilipwe ndani ya siku kumi, na kibuyu cha Nkasiogi kilikuwa na rupia mbili.

Lemburis alikuja akasimama mlangoni. "Shemeji, rupia ya tatu ikikosekana nitailipa mimi," alisema. "Na nikiilipa mimi, nyumba na shamba vinarudi kwangu."

"Siku kumi bado hazijaisha," Nkasiogi alisema.

Lemburis alipoondoka, Nkasiogi alimgeukia Sinyati. "Ndizi hazinunuliwi, lakini watu bado wanapika maharage, na wazee bado wananusa ugoro. Vyote viwili vinataka magadi. Nakwenda Momela na wenzangu kuyakwangua kando ya ziwa. Nitarudi siku ya tano. Kibuyu cha tumbo ni chako. Hivyo viwili usivishike."

"Sawa, shangazi."

Siku ya tatu alipita mnyapara wa wapagazi, akitafuta chakula cha watu wake. Alichungulia ndani, akakiona kile kibuyu kikubwa. "Hayo maharage nitayanunua yote kwa rupia moja," alisema.

Rupia moja! Sinyati alikitazama kibuyu cha kodi. Ndiyo hasa iliyokuwa inakosekana. Akilini alimwona shangazi yake akirudi amechoka, na yeye akimpa habari njema. Aliyaosha yale maharage mpaka majivu yakatoka yote, akayauza, akaitia rupia kwenye kibuyu cha kodi. Siku ile alijiona mtu mzima.

Nkasiogi aliporudi na mzigo wa magadi mgongoni, Sinyati alimkimbilia, akainamisha kichwa ili aguswe, kama watoto wa Kiarusha wanavyowasalimu wakubwa. "Shangazi, kodi imetimia! Nimeuza maharage ya kibuyu kikubwa!"

Nkasiogi alitazama juu ya mafiga. Akakaa chini polepole.

"Mvua iko wapi, Sinyati?"

"Imeshafika mlimani, shangazi. Kesho kutwa itashuka."

"Tutapanda nini?"

 Sinyati alilia kwa aibu. "Nilitaka nyumba isichukuliwe," alisema.

"Najua, mwanangu. Lakini tusipopanda, mwaka ujao tutalipa nini, na tutakula nini?"

Habari haina miguu lakini hufika. Jioni ile ile Lemburis alikuja. "Mbegu ninazo tele," alisema kwa upole. "Njoo uishi chini yangu, shemeji, utapanda kesho."

"Ahsante, shemeji. Mbegu zako zihifadhi," Nkasiogi alijibu.

Asubuhi alimkabidhi Sinyati mfuko wa magadi. "Chuma majani mabichi uyashike mkononi. Mtu akija na majani mkononi hafukuzwi kabla ya kusikilizwa. Wewe ndiye uliyeuza, na wewe ndiye utakayeomba. Kila kiganja cha mbegu, toa kiganja cha magadi. Na useme ukweli."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyeitwa Namnyaki, ambaye watoto walimwita koko, yaani bibi, mwenye ulimi mkali kuliko upupu.

"Mbegu? Mvua ikiwa mlangoni?" bibi alishangaa. "Zenu zimekwenda wapi?"

"Niliziuza, koko. Niliambiwa nisizishike, nikazishika."

Namnyaki aliyatazama yale majani, kisha akamtazama msichana. "Kumbe unajua kusema kweli! Wanangu wangesema wameibiwa." Akacheka, akampimia viganja viwili na nyongeza juu yake.

Sinyati alipita nyumba saba, na mara saba alirudia kosa lake kwa kinywa chake. Kibuyu hakikujaa, kilipita nusu tu, na magadi yote yakaisha. Kwenye sehemu iliyobaki ya shamba walipanda vipande vya marando ya viazi vitamu, ambavyo jirani mmoja aliwapa bila kudai hata hela. Siku ya pili mvua ikashuka.

Siku ya kumi walikuwa bomani, wanawake wawili katika mstari mrefu wa wanaume. Karani hakuinua macho. "Mume wako yuko wapi?"

"Amefariki. Andika Nkasiogi."

"Nani kakupa fedha?"

"Ndizi zangu, mbuzi wangu, na huyu mtoto," Nkasiogi alisema, akamshika Sinyati bega. Rupia tatu zililia mezani.

Nyuma yao wanaume walinong'ona, nani huyo mwanamke. Lemburis, aliyekuwa mstarini, alinyoosha shingo. "Huyo ni shemeji yangu," alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Sinyati alijivuna mpaka akasahau vumbi la safari. Njiani Nkasiogi alimkabidhi cheti cha kodi akibebe.

"Sikiliza," alisema. "Mwaka mbaya ukija, tafuta kazi mpya ya mikono yako, wala usiulipe kwa mali ya mwaka ujao. Na kabla ya kuuza kilichotunzwa, uliza kimetunziwa nini. Ukikosea, sema, kisha urekebishe. Wewe umefanya hivyo."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mwaka ujao karani utamjibu wewe."