Mdomo wa Mama

Mama yetu alikuwa na mdomo. Nalisema hilo kwa maana ile mnayoijua nyote: mtu wa maneno, hapitwi na jambo, anakupasha kabla hujafunga mlango. Mtaani walimpenda hivyohivyo. Mimi niliyeishi naye nyumba moja nilikuwa na maoni yangu, na maoni hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, mimi na mdogo wangu. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na hata nyumbani waliniita Mwalimu. Mdogo wangu ni fundi miwani. Kutwa anasaga vioo na kuvipachika kwenye fremu, na akitoka kazini anachora. Hakufundishwa na mtu. Alianza ukubwani, alipovunjika mguu akalala ndani miezi miwili. Mguu ulipona, kuchora hakukupona.

Daftari lake la kwanza lilikuwa la hesabu, lenye miraba, na kila mtu aliyemchora humo alionekana yuko nyuma ya nondo. La pili lilikuwa na karatasi nyepesi mno. Wino ulipenya hadi upande wa pili, na jirani yetu fundi cherehani akajikuta amembeba paka mgongoni. La tatu alinunuliwa na wenzake wa kazini: jalada jeusi, karatasi nene, hadi utepe wa kuwekea alama. Hilo alilionea huruma. Mwaka mzima alichora chupa moja tu, tena pembeni kabisa, akisema anaogopa kulichafua. Mama akamwambia basi alifunike shuka, lisipigwe na baridi.

La nne lilikuja kwa bahati mbaya. Mteja mmoja, mama wa makamo, aliacha miwani dukani ibadilishwe mkono uliovunjika, na ndani ya mfuko wa miwani mlikuwa na daftari. Hakurudi. Ilipita miezi minane, wala hapakuwa na mtu pale dukani aliyeweza kusema anafananaje. Mwenye duka aliagiza vitu vyake vitupwe. Miwani ikatupwa, daftari mdogo wangu akaja nalo nyumbani.

Lilikuwa na jalada la kahawia lililoiva kwa kushikwashikwa. Kurasa zake zilikuwa tupu, lakini hazikuwa safi. Kila ukurasa ulikuwa umechorwa, kisha ukafutwa. Ukipitisha kidole unagusa mfereji wa paji la uso. Ukiteremka unagusa pua. Mdogo wangu alifurahi kwelikweli. Alisema karatasi iliyokwaruzwa hushika penseli vizuri.

Sasa kuna jambo moja la kumjua mdogo wangu: hafuti. Mstari akiukosea anauacha hapohapo na kuchora mwingine ulio sahihi pembeni yake, ndiyo maana watu wake wote huonekana wanatetemeka. Mimi ni kinyume chake. Kazi yangu ni kusema "futa, andika upya" tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na raba haitoki mfukoni mwangu. Tulitaniana kwa hilo miaka nenda rudi.

Jumapili moja alichora saa yetu ya ukutani kwenye daftari lile la kahawia. Niliitazama nikaona mshale mrefu umekaa vibaya.

"Futa huo," nikamwambia.

"Mimi sifuti, Mwalimu."

Alipoenda kuoga, nikaufuta mimi, kwa ukorofi tu. Asubuhi yake mama akauliza ni nani aliyechezea saa. Mshale mrefu haukuwepo. Kioo kilikuwa kizima na skrubu za nyuma zina kutu yake ileile ya miaka. Mdogo wangu aliifungua saa yote juu ya meza, akaigeuza, akaitikisa. Haikudondoka hata chembe ya bati.

Mimi nilijikausha. Na hapa ndipo pa kunihukumu, msisubiri mbele. Wachache niliowasimulia habari hii hunipa pole, husema hukujua. Nilijua. Si kwa uhakika wa kula kiapo, lakini nilijua vya kutosha kuiweka raba yangu mbali na daftari lile kwa wiki tatu.

Wiki ya nne akamchora mama.

Alimchora kwa jioni sita, amekaa dirishani na kitambaa chake kichwani. Kwa kuwa mama hakujua kutulia wala kunyamaza, mdomo ulimpa mdogo wangu kazi kuliko vyote. Uliishia kuwa na mistari kumi na kitu, kila mmoja ukijaribu kuuwahi. Hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile. "Umenizeesha," mama alisema, kisha akaomba auone tena.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuwa kazini. Mama alikuwa na mafua makali, pua zote mbili zimeziba, lakini mafua hayakumzuia kusema. Alianza na chai niliyomtilia, akahamia kwenye pazia nililofua, akafika kwenye namna ninavyokunja mashuka. Niliitikia, "Ndiyo, mama. Sawa, mama." Jirani yetu fundi cherehani akaja kuniletea sketi. Mama akamwambia, nami nimesimama hapohapo:

"Mimi yule mume aliyemwacha simlaumu hata. Ningekuwa yeye ningeondoka mapema zaidi."

Jirani alicheka, kisha akatazama chini. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikitabasamu, halafu nikaingia chumba cha mdogo wangu ili nilie bila kuonekana. Daftari lilikuwa kitandani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mama. Kutoka sebuleni niliisikia sauti yake ikiendelea. Sasa alikuwa anamsema marehemu baba.

Nikatoa raba mfukoni.

"Hebu nyamaza kidogo, mama," nilinong'ona, kama ninavyowaambia watoto darasani.

Nikafuta mdomo. Haikuchukua hata nusu dakika. Nilipopuliza chenga za raba, sauti ya sebuleni ilikatika katikati ya neno.

Nyumba ikawa kimya. Niseme ukweli wote: nilikaa pale kitandani nikakifurahia kile kimya. Ndipo niliposikia kiti kikianguka.

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono shingoni. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Ngozi tu. Ilikuwa imenyooka na kupauka, na ina vinyuzi vidogovidogo, kama karatasi iliyosuguliwa sana. Kifuani, juu ya nguo yake, zilikuwa zimetapakaa chenga za raba.

Macho yake yalikuwa kwangu. Pua zilikuwa zimeziba. Nilisikia filimbi nyembamba ikitoka puani, na hiyo ndiyo hewa yote aliyokuwa nayo.

Nilikimbia chumbani. Penseli. Penseli iko wapi? Mezani hamna. Chini ya mto. Nikainama juu ya ukurasa, na mkono ukakataa.

Sikuukumbuka mdomo wa mama.

Miaka arobaini na moja niliusikia. Sikuwahi kuutazama. Mnene au mwembamba? Ulipinda upande gani alipocheka? Sijui. Nilipapasa mifereji ya penseli ya mdogo wangu. Ilikuwa kumi na kitu. Upi ndio wenyewe? Filimbi ikakatika. Ikaanza tena. Ikakatika.

Mlango wa kabati la mdogo wangu una kioo. Niliinua uso, nikaona mdomo. Nikauchora huo.

Sebuleni hewa iliingia kwa kishindo. Nilimkuta mama amepiga magoti, anavuta pumzi kwa pupa, na mdomo aliokuwa akivutia ulikuwa wangu. Juu ya mdomo wangu pana kovu dogo, nililolipata utotoni nilipoanguka ngazini. Sikuwa nimelichora. Mama alikuwa nalo.

"Maji," alisema.

Ilikuwa sauti yangu.

Mdogo wangu alirudi saa kumi alasiri. Tangu azaliwe mama alimwita baba, na siku ile alipoingia aliulizwa, "Baba, umerudi?" Akanigeukia mimi acheke, akidhani namtania. Kisha akaona ni nani aliyesema. Akaenda chumbani kwake, akarudi na daftari mkononi, uso umemshuka.

"Nani kafuta?" akanong'ona.

"Sijui," nikasema. "Labda mama mwenyewe. Alikuwa analitazama."

Ndiyo, nilimsingizia mama. Mbele yake.

"Nilifuta mimi," sauti yangu ikasema. Nilikuwa nimefumba mdomo. "Nilitaka anyamaze."

Tuligeuka wote wawili. Mama alikuwa amejishika midomo kwa vidole, ameduwaa, akiipapasa.

Mdogo wangu hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Nilimwangukia miguuni nikamwomba amchoree mama mdomo wake, kwa kuwa yeye alikuwa akiukumbuka.

"Naukumbuka," akasema. "Lakini ni lazima huu ufutwe kwanza."

Tulimtazama mama anavyohema.

"Basi usifute. Chora wa kwake pembeni, kama kawaida yako."

Alinikodolea macho mpaka nikaelewa nimesema nini. Daftari alikwenda kulifungia kwenye droo yake ya kazini, na hata mafua ya mama yalipopona alikataa kuligusa, akisema uso wa mama haufuti hata kwa dakika moja. Tangu siku hiyo hajachora tena hata mstari mmoja.

Mama aliishi miaka minne. Watu tuliwaambia amepata kiharusi, na wakaridhika. Jirani hata alisema uzee umemfanya afanane na mimi. Lakini mama hakuwa tena mtu wa maneno. Alisema machache, taratibu, kama anayeomba ruhusa. Hakunigombeza tena hata siku moja. Hicho ndicho nilichokitaka, nikakipata, na sikuweza kukivumilia. Kuna siku nilijaza chumvi kwenye chakula chake makusudi ili anitukane. Alikula chote, akasema asante.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilijaribu mara nyingi. Kila nilipokaa mbele yake niliuona mdomo wangu mwenyewe ukinisubiri niseme, na nikashindwa kuufungua huu mwingine.

Asubuhi ya siku yake ya mwisho nilikuwa nikimchana nywele. Akasema, kwa sauti yangu, "Nisamehe, mama." Kisha akalala, na saa sita mchana hakuwepo. Wazazi wengi huwaita binti zao mama. Yeye hakuwahi kuniita hivyo. Hadi leo sijui kama ni yeye aliyekuwa akiniambia mimi, au ni mdomo uliokuwa umechoka kunisubiri ukamwambia yeye.

Tulipomaliza mazishi, mdogo wangu alitoa simu yake. Humo alikuwa amehifadhi ujumbe wa sauti wa mama, wa zamani, wa kabla ya daftari lile kuingia nyumbani. Alisema tuisikilize sauti yake halisi, walau mara moja. Akabonyeza.

"Baba, umekula? Mbona hupigi?"

Sauti yangu. Akarudia. Sauti yangu. Tulitazamana tukajaribu kukumbuka ile ya kwake ilikuwaje, nzito au nyororo, na kati yetu wawili hakuna aliyeweza. Nilikuwa nimemnyang'anya hata hiyo.

Sasa anaishi mji mwingine. Hunipigia kila Jumapili mchana, na tukishasalimiana husema, "Haya, Mwalimu, niite basi." Nami humwambia, "Baba, umekula?" Hujibu, "Nimekula, mama." Wakati mwingine namsikia analia. Hunisemesha hivyo dakika mbili tatu, ananieleza habari za kazi yake na mimi naitikia kwa majibu ya mama. Siwezi kumnyima. Sina kingine cha kumpa.

Jumapili iliyopita hakunipata. Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, na tangu Ijumaa ilikuwa kwa fundi, laini ikiwa humohumo ndani. Fundi aliizima na hakuiwasha mpaka nilipoifuata Jumatatu. Nilipofika nyumbani nikampigia mdogo wangu kumtaka radhi.

"Radhi ya nini?" akauliza.

"Jana. Hukunipata hewani."

"Tumeongea jana, Mwalimu. Karibu nusu saa."

Nilitafuta kiti nikakaa. Nikamuuliza tuliongea nini.

"Si yaleyale ya siku zote. Umeniuliza kama nimekula, nikakusimulia ya kazini." Akashusha sauti. "Halafu nikasema ngoja leo niulize. Nikakuuliza, mama, umemsamehe Mwalimu?"

"Nikasemaje?"

"Hukujibu," alisema mdogo wangu. "Nilikusikia tu unapumua, mpaka simu ikakatika."