Ng'ombe wa Brekke na Amri ya Rais

Theluji ilikuwa bado imelala bondeni. Joleen Brekke aliendesha pikapu polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Mumewe, Arlo, alisimama nyuma ya gari akikata kamba za marobota na kumwaga majani makavu chini. Ng'ombe waliwafuata, pumzi zao zikitoka kama moshi wa jiko.

Ndivyo wanavyoishi watu wa bonde hilo la Montana. Majira ya baridi, ng'ombe hula majani makavu shambani. Theluji ikiyeyuka, hupandishwa mlimani wakale nyasi mbichi. Wakiwa huko juu, shamba la chini hupata nafasi ya kuota majani. Majani hukatwa, hukaushwa, na huwekwa kwa ajili ya baridi ijayo. Shamba ni la akina Brekke. Mlima ni wa serikali kuu, na akina Brekke hulipia ruhusa ya kulisha huko. Babu yake Arlo alilisha mlima huo. Baba yake pia.

Asubuhi hiyo waliporudi jikoni kunywa kahawa, redio ilikuwa inatangaza habari. Rais mpya ametia saini amri. Malisho ya umma yaliyo kando ya vijito yamefungwa nchi nzima, mpaka yachunguzwe.

Joleen alishusha kikombe. "Kijito cha Alder kinapita katikati ya malisho yetu," alisema.

Arlo alikuwa tayari anapiga hesabu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na chungu. Ng'ombe wasipopanda mlimani, watakula shamba la chini kiangazi chote. Wakilimaliza, hakutakuwa na majani ya baridi. Na ng'ombe asiye na majani ya baridi huuzwa, au hufa.

Alivaa kofia yake akaenda kwenye ghala la nafaka. Ghala hilo lina meza ya kahawa, na wanaume wa bonde hukaa hapo kila asubuhi kuichambua nchi. Wengi wao ni wahafidhina, kama Arlo. Siku hiyo meza ilikuwa inawaka moto.

"Hata kiti cha ikulu hajakizoea, na tayari amewakumbuka ng'ombe wetu," alisema Burdette, mwenye sauti kubwa kuliko wote. "Mke wangu mwenyewe hanikumbuki upesi hivyo."

Wakacheka.

"Yule hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe," alisema mwingine.

"Aje kwangu, nitampa nafasi," alisema Burdette. "Lakini sikilizeni. Leo mlima, kesho mashamba yetu wenyewe. Atayachukua."

"Umesikia wapi?" Arlo aliuliza.

"Kila mtu anasema."

Maneno hayo yalimwingia Arlo kama pombe kwenye tumbo tupu.

Haukupita muda mrefu, ofisi ya ardhi ya umma ikaitisha mkutano wa kusikiliza maoni katika ukumbi wa shule. Ofisa alikuwa Bi. Adair, mwanamke kijana aliyehamia Montana mwaka uliopita. Aliwakaribisha watu, akasema kila mmoja ana dakika chache za kueleza kuhusu Kijito cha Alder, akafungua kalamu yake.

Arlo alisimama. Hasira ilimpa ulimi. Alisema rais ana ubongo wa kuku. Alisema kodi ni kubwa, petroli iko juu, na watu wa Washington wanatawala nchi wasiyoijua. Alisema rais anataka kuwanyang'anya watu mashamba yao. Ukumbi ulipiga makofi mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Burdette alimpiga Arlo mgongoni. "Umemnyoa bila maji, bwana."

Bi. Adair alisikiliza kwa adabu. Alimshukuru. Kalamu yake ilikuwa imelala mezani.

Njiani kurudi nyumbani Joleen alikuwa kimya.

"Sema basi," Arlo alimwambia.

"Ulisema vizuri."

"Lakini?"

"Sijasema lakini."

"Nimeisikia inakuja."

Joleen alitazama barabara. "Lakini hukumtaja ng'ombe hata mmoja."

Mwishoni mwa Aprili jibu lilikuja. Malisho ya Kijito cha Alder yatabaki yamefungwa kiangazi hicho. Maoni yaliyotolewa, ofisi ilisema, hayakueleza hali ya kijito. Mwenye la kuongeza alete kwenye mkutano wa mwisho.

Arlo aliketi kitandani na buti zake miguuni. Alimpigia simu dalali wa mifugo, akamwomba aje kuwatazama ng'ombe. Nusu ya kundi, alisema. Labda zaidi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Joleen hakuwahi kumsikia akiongea hivyo, hata baba yake alipofariki.

Joleen alitoka nje, akavuka uwanja mpaka kwa jirani yao, Mavis Dunning. Mavis alikuwa diwani wa wilaya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa mhafidhina mgumu kama msumari. Bendera ya chama ilikuwa ikipepea mlangoni kwake hata wakati ambapo hakuna uchaguzi. Jioni ile alikuja kwa akina Brekke na pai ya tufaha, akaketi bila kukaribishwa.

"Arlo, nasikia unauza ng'ombe."

"Muulize rais wako."

"Si wangu. Sikumpigia kura, wala sitampigia." Mavis alikata pai. "Kula kwanza. Mtu mwenye njaa hasikilizi."

Arlo alichukua kipande. Mavis akaendelea.

"Sikia. Rais si mfalme. Tumemwajiri. Kumkosoa ni haki yako, na akikosea mapema ni wajibu wako kusema mapema. Na amekosea. Unajua amekosea wapi?"

"Pote."

"Hilo si jibu, hilo ni kelele. Amekosea kwa haraka. Amewapa wagonjwa wote dawa moja kabla ya kumgusa hata mmoja paji la uso. Bonde hili si sawa na bonde lingine. Anayekaa nalo ndiye anayelijua, na huyo hakuulizwa. Hiyo ndiyo hoja yetu, tena ni nzito. Kwa nini uliiacha nyumbani, ukaenda ukumbini na matusi?"

"Sikutukana."

"Ulisema ana ubongo wa kuku."

"Hayo si matusi, ni maelezo."

Joleen aliziba mdomo asicheke. Mavis yeye alicheka waziwazi, kisha akatoa mkobani nakala ya amri. "Umeisoma?"

"Burdette alituambia."

"Burdette alituambia pia kwamba farasi wake anajua kucheza karata. Soma, tafadhali."

Arlo alisoma, kidole kikifuata mistari. Hapakuwa na neno lolote kuhusu kuchukua mashamba ya watu. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ukisema uongo mmoja, hata kama hukuutunga wewe, kweli zako zote zinazikwa pamoja nao," Mavis alisema. "Bi. Adair aliijua amri. Uliposema habari za mashamba, aliacha kukuamini. Endelea. Soma pale chini."

Pale chini paliandikwa kwamba malisho yatafunguliwa ikionekana kwamba ng'ombe hawaharibu kingo za vijito.

"Ng'ombe wako wanaharibu kingo?"

Arlo aliinua kichwa kama aliyetukanwa. "Ng'ombe wangu hawalali majini. Chumvi naiweka juu."

"Chumvi gani?" Mavis aliuliza. Yeye alikuwa mtu wa ngano, si wa ng'ombe.

"Mabonge ya chumvi ya kulamba. Ng'ombe hufuata chumvi. Ukiiweka karibu na maji, atakunywa, atalamba, atalala papo hapo. Kingo zitabomoka, maji yatakuwa tope. Ukiiweka mgongoni mwa mlima, mbali, akishakunywa anapanda mwenyewe. Kila wiki napanda na farasi, nahamisha chumvi mahali pengine. Baba alinifunza. Nenda ukakione kijito. Miti ya mierebi imeshona kingo kwa mizizi pande zote mbili, na samaki wamo."

Mavis aliweka uma chini. "Hayo uliyasema ukumbini?"

Arlo alisukuma makombo ya pai kwenye sahani.

"Nilidhani kila mtu anajua," Arlo alisema.

"Hapa bondeni, ndiyo. Tunajua, kwa hiyo hatusemi. Halafu tunalalamika kwamba hatujulikani. Bi. Adair amekulia mjini. Rais amekulia kwenye lami. Asiyejua ukimwita mjinga atakaa na ujinga wake. Ukimwambia, huenda akajua."

"Kwa hiyo nimnyamazie rais?"

"Nani kasema? Ukitaka amri yote ibadilishwe, mwandikie mbunge wetu. Andika gazetini. Nenda ukapige kura. Huko sema habari za rais mpaka ukauke koo. Lakini Bi. Adair hawezi kumfukuza rais. Anachoweza ni kufungua lango moja. Mwambie habari za lango lake. Na umwalike aje aone."

Arlo alitazama mikono yake. Kumwalika mtu wa serikali kwenye mlima wa babu yake kulimwia vigumu. Alisimama, akazunguka jikoni, akaketi tena.

"Joleen," alisema mwishowe, "mpigie dalali. Mwambie asubiri."

"Mpigie mwenyewe," Joleen alisema, "halafu umpigie na Bi. Adair. Simu ni ileile."

Katika mkutano wa mwisho Arlo hakuvaa kofia. Wanaume wa meza ya kahawa walikaa nyuma, wakingoja moto. Aliusoma uso wa ofisa, akaanza.

"Mimi ni Arlo Brekke. Nadhani amri hii ni mbaya, na nimemwandikia mbunge wangu kumwambia sababu. Leo nitasema habari za Kijito cha Alder tu. Mara ya kwanza nilisema rais atachukua mashamba yetu. Haikuwa kweli. Naifuta." Kisha akaeleza chumvi, mierebi, na majani ya baridi. Alieleza nini kitatokea kwa shamba la chini ng'ombe wakibaki. Alieleza kwamba nyasi za mlimani zisipoliwa hukauka, na umeme wa radi ukipiga zinawaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Burdette alikuna shingo. Lakini kalamu ya Bi. Adair ilikimbia, na Arlo alipomaliza, ofisa aliuliza swali. Kisha jingine.

Bi. Adair alipanda mlimani theluji ilipoachia njia. Arlo alimpa farasi mpole, naye akajitahidi. Walifuata kijito. Alishuka, akagusa kingo, akapiga picha mierebi. Alipanda mpaka mgongoni mwa mlima, akaona mashimo ambayo ndimi za ng'ombe zilichimba kwenye udongo wenye chumvi.

"Hili sikulijua," alisema. "Kwenye kanuni zetu linatajwa kwa mstari mmoja tu."

"Sisi tuna vizazi vitatu vya mstari huo."

Wakati wa kurudi njia iligawanyika. Kulia ni njia fupi ya kushuka. Kushoto ni pale ng'ombe wanapovukia kijito. Arlo alipajua pale. Kingo zilikuwa zimevunjika na tope lilifika magotini. Angeweza kwenda kulia, na Bi. Adair asingejua. Alikaa juu ya farasi, akafikiria ng'ombe, na dalali, na uongo mmoja unaozika kweli zote.

Akageuza kushoto.

"Hapa pamebomoka," alisema. "Ni ng'ombe wangu. Nitaweka mawe ya kuvukia, na uzio huku na huku."

Bi. Adair alipapiga picha pia. "Bwana Brekke, wengi hunionyesha mahali pazuri tu."

"Nilitaka kufanya hivyo."

"Najua. Farasi wako alishaanza kugeuka kulia."

Ruhusa ilitoka mwezi Juni, ikiwa na sharti la mawe na uzio. Arlo na Joleen walibeba mawe mpaka migongo ikalia. Burdette alikuja kusaidia, akilalamika tangu jiwe la kwanza hadi la mwisho. Alipomaliza aliuliza, kama mtu asiyejali, barua kwa mbunge huandikwaje. Arlo alimwambia aanze kwa kuisoma amri. Wiki hiyo wafugaji wengi wa bonde walitia saini barua moja. Waliomba kila bonde lipimwe kwa hali yake, na watu wake waulizwe kwanza. Mbunge aliisoma barua hiyo mbele ya kamati ya Bunge. Amri haikufutwa. Lakini kamati iliwaita wafugaji waje Washington kueleza, na jina la Arlo lilikuwa miongoni mwao.

Siku ya kupandisha ng'ombe, jua lilikuwa kali na anga safi. Joleen alifungua lango la mlimani. Ng'ombe mkubwa wa mbele alisimama, akanusa, akasikia harufu ya nyasi mbichi, akapita. Wengine wakamfuata wakisukumana, ndama wakirukaruka pembeni. Arlo alitazama mikia yao ikipotea kati ya misonobari. Hakuna hata mmoja aliyeuzwa.

"Bado nasema rais alikosea," alisema.

"Sema," Joleen alijibu. "Washington watakusikia. Lakini funga lango kwanza, ndama wanarudi."