Maana ya Shamba Safi

Mtaka cha mvunguni hainami. Wahenga walisema sharti ainame, lakini wahenga hawakukutana na kiinamizi.

Kiinamizi kilikuwa mashine ya ukubwa wa mbuzi, yenye miguu sita, mikono miwili ya mpira laini, na jicho chini ya tumbo, pale ambapo mwanadamu ana kitovu. Asubuhi ile kilipanda matuta ya Kwemtindi, katika milima ya Lushoto, kikipita kati ya mipeasi, miti ya plamu ambazo wenyeji huziita matunda damu, na mistari ya mawaridi. Kila baada ya hatua tatu kilijikunja, kikapima udongo kwa ncha za vidole, kikang'oa jani, kikapogoa kitawi kikavu, kikainuka. Kwa saa moja kilimaliza kazi ya siku nzima ya wanawake sita, na hakikushika kiuno hata mara moja.

"Shamba safi," kikasema kilipofika ukingoni.

Mjini Lushoto, Stumai Shekalaghe aliisikia sauti hiyo kwenye spika ya ofisi yake, akatabasamu. Kiswahili kile kilikuwa chake. Viinamizi vilipoletwa miaka mitano nyuma viliongea kama karatasi ya maelekezo ya dawa: "Tafadhali thibitisha utekelezaji wa uondoaji wa mimea isiyohitajika." Wakulima wakawa wanavijibu kwa madongo. Stumai, mwenye stashahada ya kilimo na ulimi usiokubali kushindwa, aliandikia Kituo cha Viinamizi kwamba mashine zao hazijui lugha, zinajua sarufi ya mtu aliyekosa usingizi. Kituo kikamwajiri. Kwa kuwa cheo hakikuwa na jina, akakitungia mwenyewe: mfunzalugha. Aliandika maana za maneno elfu tisa, moja baada ya jingine, akayatia katika ubongomlima, ubongo mmoja uliotumiwa na viinamizi vyote elfu nne vya milima ile. Neno lililofundishwa asubuhi lilijulikana kwa kila kiinamizi kabla ya adhuhuri.

Alikuwa bado anatabasamu mlango ulipofunguliwa. Aliingia shangazi yake, Mwajabu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika pindo la khanga lililofungwa fundo.

"Shikamoo, shangazi. Karibu chai."

"Marahaba. Sikuja kunywa chai." Alilifungua fundo juu ya meza. Maua meupe yaliyokauka yakamwagika. "Haya ni ya matunda damu yangu. Yalichanua vizuri kama ya harusini, kisha yakadondoka. Mwaka juzi nilichuma ndoo tatu. Mwaka jana nikapata ya kuwaonjesha wajukuu. Mwaka huu halijashika hata moja."

"Umewaambia Kituo?"

"Wamesema niletewe nyukibati."

Stumai alizijua nyukibati. Zilikuwa mashine ndogo kama punje ya mahindi, zilizoruka ua hadi ua zikibeba chavua.

"Nyuki wa kuchaji, Stumai! Nikitaka kurina asali nirine nini, betri?"

"Na nyuki wenyewe wamekwenda wapi?"

"Kiulize hicho kidude chako chenye Kiswahili kizuri."

Walipanda pamoja hadi shambani kwa Mwajabu, Kwemtindi. Stumai hakuwa amekanyaga shamba lile tangu aajiriwe. Ripoti ilimfikia kila siku, na kila siku ilikuwa njema. Alisimama kwenye tuta la kwanza akaona miti imenyooka, mawaridi yamepogolewa, ardhi kati yake tupu kama uwanja uliofagiwa kwa ajili ya matanga. Akainama. Udongo ulikuwa mgumu. Kucha yake ilikwaruza bila kuzama.

"Shangazi, vile vishona nguo vya kwenye kingo viko wapi?"

"Vimesafishwa."

"Bangi mwitu iliyokuwa katikati ya mawaridi?"

"Imesafishwa."

"Na alizeti mwitu uliyokuwa unakata na kutandaza kwenye mashina?"

"Imesafishwa, na mizizi yake."

"Nani alikiambia kivisafishe?"

"Mimi. Kila Jumatatu nakaa barazani, nakiambia: safisha shamba. Kama nilivyokuwa nakwambia wewe ulipokuwa mdogo." Mwajabu akamtazama. "Tofauti ni kwamba wewe ulijua maana yake."

Stumai alijua. Kila mwanamke wa Kwemtindi alijua, ila hakuna aliyewahi kulisema kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Kusafisha shamba kulikuwa kuondoa kinachokaba na kuacha kinachosaidia. Kishona nguo kiliachwa kingoni maana ndicho kilichowalisha nyuki miti ikiwa haina maua. Bangi mwitu iliachwa katikati ya mawaridi kwa kuwa minyoo fundo, ile inayoshambulia mizizi, huichukia. Alizeti mwitu ilikuwa mbolea iliyojiotea yenyewe. Maarifa hayo yalikaa mikononi, na mikono ilikuwa imepumzishwa.

Alitoa kishikwambi chake mfukoni, akaitafuta kazi yake mwenyewe. Neno la elfu sita na kumi na mbili: *Safi: pasipo na kitu cha ziada.* Mifano aliyoweka ilikuwa mitatu: sakafu, sahani, shati.

"Nililiandika nikiwa nimekaa kitini," akasema taratibu. "Nilifikiria sakafu. Lakini shangazi, ulipoona kingo zinakuwa tupu, mbona hukukikataza?"

"Kiuno kilikuwa kimenifunga barazani. Nilikuwa nasikia tu, shamba safi, shamba safi. Nikashuka siku moja nikaona, nikasema labda kinajua kuliko mimi. Kilisema vizuri mno, Stumai. Kingekuwa kinagugumiza kama zamani, ningekitupia dongo."

Hapo ndipo ilipomchoma. "Kosa ni langu, shangazi. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa inama, tuanze."

Stumai aliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Kwemtindi haikuwa imeifanya tangu mashine zije. Walikuja wanawake thelathini, wengi wakilalamikia magoti. Walipalilia kwa siku tatu, kiinamizi kikiwafuata nyuma na jicho lake la tumboni, na Stumai akakifundisha swali moja tu la kuuliza.

"Huyu ana kazi gani?" kikauliza mbele ya mnavu.

"Huyo mboga. Mwache."

"Mboga ya kwako, Hadua!" akadakia jirani. "Amejiotea kwenye mawaridi, atoke."

"Atoke aende wapi, kwenye sufuria yako?"

"Nisubiri?" kikauliza kiinamizi.

"Subiri!" wakajibu wote kwa pamoja, kisha wakacheka hadi Mwajabu akashikilia mti.

Jioni ya siku ya tatu Stumai alifuta maana ya zamani, akaandika mpya: *Safi: kila kilichopo kina kazi yake, na mwenye shamba anaijua.* Hakumwomba mtu ruhusa. Neno likaenda kwenye ubongomlima, likavifikia viinamizi elfu nne.

Kwa wiki tisa Kituo hakikugundua lolote. Ripoti ziliendelea kusema "Shamba safi," nazo zilikuwa za kweli. Kingo zikaota. Vishona nguo vikachanua, nyuki wakarudi wachache wachache kutoka kwenye msitu wa juu, na ilipofika zamu ya mipeasi kutoa maua, Mwajabu alimpigia simu kumwambia neno moja tu: "Yameshika."

Kisha wakaja wanunuzi wa maua kutoka ng'ambo kutembelea mashamba makubwa ya mawaridi yaliyo karibu na barabara ya lami. Wakakuta nyasi zenye maua kati ya mistari, na viinamizi vikiuliza kila mmea kazi yake badala ya kuung'oa. Walitoka na suruali zilizoshonwa mbegu za vishona nguo hadi magotini, wakaondoka bila kutia saini mikataba.

Mkuu wa Kituo, Mhandisi Ludovick Temu, alimwita Stumai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Binti Shekalaghe, umebadilisha neno bila kibali."

"Nimelisahihisha, mzee."

"Wenye mashamba makubwa wanataka ardhi tupu. Maana ya zamani inarudi leo saa nane. Nawe utatangaza kupitia viinamizi vyote kwamba ulikosea, na utaomba radhi."

"Nisipoomba?"

"Utaacha kazi. Na viinamizi vya Kwemtindi vitaondolewa, maana ndiko uasi ulikoanzia." Alishusha sauti. "Najua shangazi yako ana kiuno kibovu, mwanangu. Mfikirie."

Alimfikiria. Alitoka nje, akampigia simu, akamweleza yote bila kuficha. Kama viinamizi vingeondoka, Mwajabu, mwenye miaka sitini na minane, angelazimika kuinama mwenyewe.

"Kiuno changu kinauma kikiinama, kinauma kikikaa," Mwajabu akasema. "Kikiinama angalau nakula peasi. Ila usifanye kwa ajili yangu, wala usiache kwa ajili yangu. Ukileta kiuno changu katika mambo yako ya ofisini, tutagombana."

"Nimekuelewa, shangazi."

"Na useme kwa sauti. Huku upepo ni mkali."

Saa nane kasoro dakika tano alikaa mbele ya kinasa sauti. Mhandisi Temu alimwekea karatasi mezani, nzuri, iliyochapwa. Katika matuta yote ya milima ile, viinamizi elfu nne vilisimama na kuinua vichwa, na wakulima waliokuwa karibu navyo wakageuka kusikiliza.

"Mimi ni Stumai Shekalaghe, mfunzalugha," alisoma. "Nilivifundisha viinamizi maana ya neno safi, na nikakosea."

Mhandisi akatikisa kichwa kukubali. Stumai aliigeuza karatasi kifudifudi.

"Nilikosea mara ya kwanza, nilipoliandika bila kuinama. Nyuki wenu walitoweka kwa sababu ya sentensi yangu, na aliyestahili kuombwa radhi kwa hilo nimemwomba ana kwa ana. Wengine nitawafuata mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Dakika chache zijazo maana ile itarudi, na mashine mtakazobaki nazo zitang'oa kila kitu mkiziambia zisafishe. Basi msiziambie zisafishe. Zitajieni mmea mmoja mmoja kwa jina lake. Majina mnayo."

"Binti," Mhandisi akanong'ona, "radhi."

"Nimeambiwa niombe radhi kwa ile mara ya pili, niliposahihisha," Stumai akasema kwenye kinasa sauti. "Siombi."