Jina Ubavuni mwa Ndege

Mwaka 1974, katika duka la soko la Kalemie, mji wa kando ya ziwa, mikono miwili ilishika kopo moja la rangi nyeupe, la mwisho dukani.

"Mama, hii njo ya ndege yangu," alisema Félicien, fundi wa mitumbwi bandarini, shati limejaa vumbi la mbao.

Bertille, mpokea simu wa gare, stesheni ya treni, kitenge cha buluu kimekazwa kiunoni, alicheka. "Ndege? Yangu ni ya musalaba wa kaburi ya baba. Biro ya serikali ilikataza kuandika Cyrille, eti jina la wazungu. Alitumikia reli miaka thelathini na jina hilo, akazikwa bila."

Mimi niliyekulia mji huo sijasahau: serikali ilipopiga marufuku majina ya kizungu, hata wafu walivuliwa yao.

Waligawana kopo, kisha wakagawana na hasira. Kila jioni Bertille alipita kwenye banda la Félicien, ambako ndege ya mbao, yenye injini ya Volkswagen kuukuu, ilikuwa inaota mabawa.

"Pua yake fupi kama ya mbuzi."

"Ni pua ya muchumba wako, sheri. Uizoee."

"Nani muchumba?"

Wakapatana: mbao ibaki mbao, ing'arishwe kwa vanishi; mkia mweupe; mstari mwekundu toka puani hadi mkiani.

Ndipo Komiseri, mkuu wa serikali mjini, akatuma makopo ya kijani, rangi ya Chama kilichotawala. Siku ya sikukuu ya Chama ndege itoke kijani, la sivyo itachukuliwa. Bertille alipofika aliikuta kijani tupu kama nyoka wa majani. Aligeuka, akaenda zake.

Kesho yake simu ya gare ililia.

"Alo, gare."

"Bertille, njo mimi, Félicien. Nisikilize."

"Sitwayen," alijibu, akimwita mwananchi kama mgeni yeyote, "unauliza treni gani?"

"Nilipaka ili wasiichukue."

"Basi wameshaichukua."

Akakata.

Siku tatu Félicien alipiga msasa mpaka viganja vikachubuka.

Siku ya sikukuu Komiseri alisimama mbele ya mji mzima, koti lake la abakosti limepigwa pasi. Ndege ikasukumwa nje: mbao inang'aa kama asali, mkia mweupe, mstari mwekundu. Ubavuni, chini ya kioo cha rubani, herufi nyeupe: BERTILLE.

"Nani huyu?" aliuliza Komiseri.

"Muke wangu, Papa Komiseri, kama atakubali. Mukichukua ndege, muchukue na jina lake."

Wapagazi wa bandari wakaanza kupiga makofi, taratibu, kisha wake zao, kisha gare yote. Komiseri aliwatazama, halafu akatazama saa yake kama mtu anayechelewa kwingine.

Bertille alitoka katikati ya watu, amevaa kile kitenge cha buluu. Alishika mkono wa Félicien, akaona kiganja kilichochubuka.

"Brashi iko wapi?"

Chini ya jina lake akaandika, bila haraka: MUTOTO WA CYRILLE.

"Sasa wamusome baba kutoka Kabimba mpaka Moba, pwani yote ya ziwa."

"Na jibu langu?"

"Umeniandika kwa rangi ya mafuta, Félicien. Nitafutika namna gani? Washa mashini."