Siku Fundi Aliondoka Bila Kula

Hapana, bunduki hatukuwa nayo. Nani alikwambia bunduki? Watu wa Osiri wanapenda kuongeza chumvi. Tulikuwa na gari moja ya Probox, mfuko wangu wa vyombo, na uongo. Na uongo yenyewe ilikuwa mimi.

Sogea hapa, Priscilla, usikae kwa mlango. Nitakwambia yote, hata ile inaniuma.

Alhamisi. Saa nane mchana.

Chumba cha nyuma ya kinu cha Duke, pale Osiri, pahali wanasaga mawe ya dhahabu. Mabati juu, mabati kando. Joto. Kinu inapiga kelele mpaka unaongea mdomo ukiwa kwa sikio ya mwenzako. Tulikuwa wanne. Duke, mwenye kinu. Mtu mfupi, shingo nene, hacheki. Nyakundi, mwoshaji wake. Huyo anaosha ule unga wa mawe kwa karai mpaka dhahabu ibaki chini. Dorah, alikuwa anauza chai na mandazi kwa watu wa shimo, mama wa ulimi tamu. Na mimi babu yako Maroa, fundi wa mawe. Shule niliacha darasa la pili. Lakini jiwe najua.

Duke akanipatia kijiti. "Chora hiyo nyumba, mzee."

Nikachora kwa vumbi. Geti. Uwanja. Vyumba vitatu. Mnara.

Hiyo nyumba niliijenga mimi. Iko juu ya kilima, ukitoka Kendu Bay kidogo. Mwenyewe ni Emmaculate, Mjaluo wa hapo hapo. Alikaa Italia miaka kumi na tisa akichunga mzungu mmoja mzee, anaitwa Mama Ada. Sasa huko mashambani kwao kuna majumba ya wafalme wa zamani, ya mawe matupu, na kila Jumapili Mama Ada alikuwa anataka kutembea kuyaona. Emmaculate anaendesha gari. Mama Ada akishindwa na ngazi, Emmaculate anambeba mgongoni. Mzungu akafa. Emmaculate akarudi nyumbani na sanduku moja ya picha, akanitafuta mpaka Migori. "Fundi, unaweza kunijengea hii?" Nikaangalia picha. Nikasema mawe ni mawe.

Miaka miwili. Kila saa saba ananiita kwa meza. Si sufuria ya mafundi huko nje, hapana. Meza yake. Anamwaga maji, ananinawisha mwenyewe. "Fundi hali nje kwangu," alisema.

Nilipomaliza mnara akaniambia nimtengenezee pango ndogo ndani ya ukuta, ya siri, kando ya ngazi ya kumi na moja. Jiwe moja. Unasukuma chini kushoto, linafunguka juu. Akaweka mtungi wa shaba. Nilimsaidia kuubeba, ulikuwa mzito. Sikuuliza. Yeye hakusema.

Mdomo ndio uliniua. Nilienda Osiri kutafuta kazi ya shimo, nikakunywa, nikajisifu. Nikasema mimi nimejenga jiwe hata polisi haiwezi kuona. Duke alikuwa ameketi nyuma yangu.

"Mzungu tajiri anakufa," Duke alisema siku ile ya plani. "Mfanyakazi anarudi na mtungi. Anauficha kwa ukuta. Sasa mzee, hiyo ni nini kama si dhahabu?"

"Sijui."

"Unajua. Unaogopa tu."

Dorah akacheka. "Mzee Maroa amempenda huyo mama."

"Nyamaza," Duke akasema. "Jumapili. Saa kumi na mbili asubuhi tunatoka hapa. Saa nne tuko kwake. Sisi ni watu wa kanisa, tunakuja kuona kazi ya fundi. Dorah anamshika na maneno. Nyakundi anakaa karibu na geti. Mzee anapanda. Saa sita hatuko."

Ningesema hapana. Kijiti ilikuwa kwa mkono yangu. Nikachora na msalaba mahali jiwe liko.

Jumapili. Saa nne na dakika kumi.

Alikuwa ametoka misa ya kwanza, bado na kitambaa cha kichwa. Aliponiona alikuja mbio. Emmaculate, mtu wa miaka sitini na mbili, mbio! "Fundi! Na umeniletea wageni!" Akanishika mikono yote miwili. Duke akainama kama mzee wa kanisa. Dorah akaimba kidogo, eti Bwana asifiwe.

Akatutembeza. Watu wa huko wanasema "twende Italia" wakienda kwake, na kweli ni kama safari. Chumba cha kwanza picha zimejaa ukuta. "Hapa tumefika jumba la Fenis. Mnaona minara? Ukuta juu ya ukuta. Mama Ada alisema hii haikuwa ya vita, ilikuwa ya kuringa." Dorah akacheka, na hiyo cheko haikuwa ya uongo. Kwa uwanja akatuonyesha mti wa chuma, matunda yake ni komamanga ya chuma, maji inatoka kwa matawi. "Huu uko kwa jumba la Issogne. Watoto wa hapa wanachota maji kwake. Mama Ada angefurahi."

"Huyo Mama Ada alikuwa tajiri?" Duke akauliza.

"Alikuwa na gari mzee na mguu mbaya," Emmaculate akasema. "Huko nilimbeba mgongoni ndio aone bonde. Aliniambia, wewe ndiye farasi wangu. Nikamwambia, farasi anataka majani." Akacheka mpaka akajifuta macho.

Nikaangalia chini. Mawe ya huo uwanja niliyapanga mimi, moja moja. Hakuna hata moja lilinifunika.

Saa tano na robo.

Dorah alikuwa aanze maneno yake. Haikuhitajika. Emmaculate mwenyewe akanigeukia. "Fundi, mvua ya juzi iliingia kwa mnara. Hebu panda uangalie." Akatoa ufunguo kwa shingo yake, akaniwekea kwa mkono.

Priscilla, mtu akikuvunjia mlango, hiyo ni vita, mnapigana. Lakini mtu akikupa ufunguo?

Nikapanda. Moja, mbili, tatu. Mfuko kwa bega. Kumi na moja. Nikasukuma chini kushoto. Jiwe likatoka vizuri, vile nililifundisha. Mtungi ulikuwa umefungwa na kitenge cha bluu. Nikaubeba, nikautia kwa mfuko. Ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi michache. Nikasema "pole". Kwa nani, sijui. Nikarudisha jiwe.

"Ufa ni mdogo," nikamwambia chini. "Nitakuja kuziba."

"Basi karibuni chakula. Ngege iko tayari, na kuon."

Harufu ya hiyo samaki na ugali! Duke akaangalia saa. "Tumechelewa, mama. Siku ingine."

Hakumwangalia Duke. Aliniangalia mimi. "Fundi. Ulijenga hapa miaka miwili. Kuna siku ulitoka kwangu bila kula?"

"Hapana."

"Na leo?"

"Tumbo," nikasema. "Tumbo inaniuma."

Akatikisa kichwa polepole. Akashika geti mpaka gari ikatoka.

Saa kumi jioni. Osiri.

Duke alifungua kizibo na bisibisi. Ndani, unga. Kijivu, na vichembe vyeupe. Mimi nikaona ni vumbi tu. Lakini wao wakafurahi! Wewe hujakaa Osiri, huwezi kuelewa. Pale unga wa kijivu ndio dhahabu bado haijaoshwa. Hakuna mtu pale anaona unga kama huo akafikiria kitu ingine.

Nyakundi akachukua kidogo, akasugua kwa vidole. "Wazungu wamesaga laini sana. Hii inataka tu zebaki."

"Osha," Duke akasema.

Akamwaga nusu kwa karai. Maji. Zebaki. Mikono mpaka kwa kiwiko, akizungusha, akizungusha. Maji chafu inatoka kwa mtaro. Tumeinama wanne kama watu wanaombea mgonjwa. Hakuna kitu. Akaongeza maji. Hakuna.

Halafu kidude kikagonga karai. Kama shilingi, ya udongo umechomwa, na maandishi. Dorah akaichukua, akaipangusa na leso.

"Kuna namba," akasema. "Na jina. Ada."

Akaangalia mtungi, akaangalia Nyakundi.

"Nilifanya kazi Kisumu kwa Wahindi," akasema. "Wao wakifiwa wanachoma. Jivu wanaleta kwa mtungi. Nyakundi, toa mkono. Hiyo ni mtu."

Duke alizima kinu. Nyakundi alisimama mikono mbele, maji ya kijivu ikidondoka kwa viwiko, akaanza kulia na sauti ndogo kama mbuzi.

Sisi tunazika. Wakuria, Wajaluo, Wakisii, wote. Hata mtu akimezwa na ziwa asionekane, Wajaluo wanazika tunda la yago mahali pake, ndio apate nyumba. Nani angejua mtu anaweza kuwa unga? Nani angejua Emmaculate alimbeba Mama Ada mgongoni mpaka Kendu Bay?

Na mimi nilimtoa nyumbani kwake. Tukamwosha na zebaki.

"Basi dhahabu iko pahali ingine," Duke akasema.

"Duke," Dorah akasema. "Wacha."

"Kesho saa tatu tunarudi. Safari hii ataonyesha mwenyewe." Akavuta panga chini ya meza, akajaribu makali na kidole. "Na mzee atapiga hodi. Mzee anafunguliwa."

Saa kumi na mbili jioni.

Duke na Nyakundi walienda kutafuta mafuta ya gari. Dorah akaniletea ndoo. "Zoa, mzee. Zoa yote."

Tukapiga magoti kwa mtaro, mimi na yeye, tukazoa matope na mikono mpaka tukafika kwa udongo mgumu. Nusu ingine ilikuwa bado kwa mtungi. Tukapanda pikipiki, halafu gari mpaka Homa Bay, tukakaa kwa stendi, ndoo katikati ya miguu. Mtu akauliza, mmebeba nini? Dorah akamwambia, msiba.

Jumatatu. Saa moja asubuhi.

Emmaculate alikuwa kwa geti, ameketi kwa kiti. Chifu yuko. Polisi wawili wako. Alifungua jiwe jana yake, gari yetu bado haijafika chini ya kilima. "Mwenye ameiba tu anaweza kuacha ngege yangu," akasema. "Nilijua. Nilikaa chini kwa hiyo ngazi nikajua."

Niliweka mtungi kwa miguu yake. Nikaweka ndoo kando. Nikamwambia ndoo ni nini. Nilisema yote, sikuruka hata neno. Hakulia. Aliweka mkono ndani ya matope, akauacha hapo.

"Duke anakuja na panga," nikasema. "Saa tatu."

Saa tatu na dakika ishirini Probox ikaingia. Tamaa ilimleta Duke hata bila mimi wa kupiga hodi. Polisi walikuwa nyuma ya ukuta, ule wa kuringa. Nyakundi aliinua mikono kabla hajaulizwa, akaanza kusema kila kitu kuanzia Alhamisi. Duke alipigana kidogo. Wakamlaza. Akaniangalia kutoka chini.

"Msaliti," akasema.

"Ndio," nikasema. "Mara mbili."

Wakapelekwa na polisi mmoja. Wa pili akatoa pingu yangu. Emmaculate akasema, "Ngoja. Kwanza amchimbie Mama Ada."

Chifu akakuna kichwa. "Mama, mtu wa kuchomwa, hapa kwetu..."

"Ndio sababu nilimficha, chifu. Niliogopa nyinyi. Mngesema nimeleta uchawi. Watoto wake huko Italia walimweka kwa kashimo ka ukuta, mimi nikamtoa. Aliniambia kabla afe, usiniache kwa ukuta. Na mimi nikamweka wapi? Kwa ukuta." Sasa ndio akalia.

Nilichimba kando ya mti wa chuma. Dorah akatoa udongo na karai. Nikapanga mawe pande zote, bila haraka, kama nyumba. Emmaculate akamwaga mtungi, akamwaga ndoo, akaweka kile kidude cha jina juu. Chifu akaomba. Nikafunika.

Jela nilikaa mwaka na nusu, na hiyo haiumi. Inayoniuma ni hii.

Saa saba ilikuwa imefika. Meza ikatolewa nje. Nilisimama mbali, karibu na polisi, nikinyoosha mikono kwa pingu. Emmaculate akaja na jagi na beseni. Akampita chifu, akampita polisi. Akasimama mbele yangu.

Akamwaga. Maji ikatoka kijivu kwa kucha zangu. Akamwaga tena. Nikataka kuvuta mikono, akaishika. Akamwaga mpaka maji kwa beseni ikawa safi.

"Fundi hali nje kwangu," akasema. "Keti."

Polisi akaweka pingu mfukoni. Chifu akasogea. Dorah akaketi, mimi nikaketi, na Emmaculate, alipoona hakuna mtu amebaki amesimama, akavuta kiti chake, akagawa samaki.