Mkono wa Kitangulizi

Helikopta ilipowashusha kwenye korongo la mto Lukwale, Kitangulizi kilijitupa majini kabla ya mtu yeyote kuvaa kofia. Kilikuwa roboti wa ukubwa wa mbuzi, mwenye miguu sita na mkono mmoja wa rangi ya machungwa. Kazi yake ilikuwa kushuka mto mbele ya wapiga makasia, kupima kila poromoko kwa mawimbi ya sauti, kisha kusimama juu ya jiwe na kuwanyooshea mkono.

Mhandisi Sekela, aliyekiunda kwa miaka minne, alibaki ukingoni na kompyuta yake. Hakuwahi kupanda kayaki, ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, hata siku moja, na hakuona aibu kusema hivyo. Mto kwake ulikuwa hesabu, na hesabu alizimudu.

Kati ya wapiga makasia wawili, Lwitiko alitangulia, kaka yake Ambakisye alisubiri juu, karibu na Sekela. Maporomoko mawili ya kwanza yalikuwa mepesi, na mkono haukunyooka. Kwenye la tatu, lenye kimo cha nyumba ya ghorofa, Kitangulizi kilisimama na kunyoosha mkono kushoto. Huko, chini ya povu, kulikuwa na mwamba wenye uwazi unaomeza maji. Sekela aliuona ukiwaka mwekundu kwenye skrini, akajisikia fahari.

Kisha, kwenye skrini hiyohiyo, akamwona Lwitiko akigeuza kayaki yake kushoto, bila wasiwasi wowote.

Alipiga kelele, lakini nani angemsikia? Kayaki iliibuka chini ikiwa imepinduka, tupu. Lwitiko hakuibuka.

Ambakisye aliuliza kwa sauti ndogo mashine imefanya nini. Sekela akajibu kwamba imeonyesha hatari, kama ilivyofundishwa.

"Dada, sisi hatuonyeshi hatari," alisema Ambakisye. "Mkono unaonyesha njia. Ukiwa majini huna muda wa kufikiri, unafuata mkono tu."

Miaka minne yote Sekela hakumwuliza mpiga kasia hata mmoja, maana aliona jambo lenyewe liko wazi. Nao hawakumwuliza kwa sababu hiyohiyo.

Rubani alisema redioni kwamba korongo ni jembamba mno, helikopta haiwezi kuingia. Kama Lwitiko alikuwa ameshika jiwe huko chini, njia ya kumfikia ilikuwa maji tu. Ambakisye aliingia kwenye kayaki yake, akamwambia Sekela aizime mashine, asimame mwenyewe juu ya poromoko la tatu na kuonyesha kwa mkono wake.

"Nikikosea?"

"Utakuwa umetuua wawili."

Aliizima mashine, akafuata ukingo kwa miguu mpaka juu ya poromoko. Kayaki ilipotokeza, mwili wake wote ulitaka kuonyesha ule mwamba. Aliunyoosha mkono kulia, akaushikilia kwa mkono wa pili usije ukageuka.

Ambakisye alipita salama. Kwenye maji matulivu ya chini alizunguka na kuzunguka, akiita jina la mdogo wake mpaka sauti ikamkauka. Sekela hakuthubutu kuushusha mkono.