Alimofungiwa Peres

Kila Jumamosi Joyline alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumaliza hesabu za ziada alizoachiwa na mama yake. Ya pili ilikuwa kumtunza mdogo wake Anita, mwenye umri wa miaka mitano, kila yaya alipokwenda kwao. Waliishi ghorofa ya nne huko Kilimani.

Mama yao, Peres Namalwa, alikuwa mhandisi. Alisimamia ujenzi wa majengo marefu katikati ya jiji, na picha yake iliwahi kutokea gazetini. Walimu walipenda kumtaja darasani kama mfano wa kuigwa. Lakini watoto wake walijua mambo ambayo gazeti halikuyaandika. Mama hakupanda lifti hata siku moja. Alilala taa ikiwaka na mlango ukiwa wazi. Joyline alipopata alama tisini kwa mia, aliulizwa zile kumi zilikwenda wapi. Na kila walipomuuliza kuhusu utoto wake, alijibu kwamba ameusahau.

Jumamosi hiyo Joyline alikuwa amebakisha hesabu mbili tu alipokwenda kunywa maji. Aliporudi, alimkuta Anita amechora nyumba na kuku juu ya kurasa zote. Joyline aliingiwa na hofu, kisha hasira. Alimburuta mdogo wake hadi stoo, mahali pa kuweka mifagio na mitungi ya gesi, akamsukuma ndani na kufunga komeo.

"Utatoka ukipata adabu," alimwambia.

Akarudi mezani kunakili hesabu upya. Anita alilia, akagonga, kisha akanyamaza. Joyline akajiambia kwamba amelala.

Mama alirudi mapema kuliko kawaida. Alipopita kando ya stoo, alisikia kucha zikikwaruza mbao. Mkoba ukamwanguka. Alifungua komeo na kumkuta Anita amejikojolea, sauti imemkauka. Alimgeukia Joyline akampiga kofi, kisha la pili, hadi mdomo ukapasuka.

Ndipo alipoutazama mkono wake mwenyewe. Akaketi sakafuni, jasho likimtoka, akihema kama mtu anayezama. Joyline alidhani mama yake anakufa. Alikimbilia nyumba ya jirani kumwita Mama Lenox, muuguzi aliyestaafu.

Mama Lenox alimshika Peres mikono, akamwelekeza jinsi ya kuvuta pumzi polepole mpaka akatulia. Aliwaeleza watoto kwamba mama yao hafi, ni hofu iliyomshika, na hofu kama hiyo aghalabu hutokana na jambo la zamani. Kisha akamwambia Peres, "Waambie ni jambo gani. Wamekwisha kuona."

Peres alisimulia. Wazazi wake walifariki akiwa na miaka saba, akachukuliwa na shangazi yake, Caren, aliyekuwa na duka la jumla mtaa wa Ngara. Akimwaga unga, alifungiwa katika ghala la nyuma. Akichelewa kuosha vyombo, alifungiwa. Safari moja alikaa humo siku mbili, akitafuna mchele mbichi. Alimweleza mwalimu wake, naye akamjibu kwamba anayemlisha hawezi kuwa mbaya. Hakumwambia mtu mwingine tena. Aligundua kwamba akiwa wa kwanza darasani, shangazi hujisifu kwa wateja na mlango haufungwi juma hilo. Basi akasoma kama mtu anayefukuzwa.

"Watu wananiuliza siri ya mafanikio yangu," alisema. "Hiyo ndiyo siri yangu."

Jumapili iliyofuata Peres alikwenda Ngara pamoja na Joyline. Shangazi Caren alikuwa amezeeka, na alikuwa ametoka kanisani. Aliwakaribisha chai. Peres alimweleza, kwa sauti ya heshima, yote aliyoyakumbuka. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mimi nilikulea ukawa mtu," alisema. "Unakuja kunitukana mbele ya mtoto? Ningekudekeza, leo ungekuwa mhandisi?"

Hakuomba msamaha. Peres alisimama, akaaga, akaondoka bila kugusa chai. Walipofika barabarani alilia waziwazi, bila kujali wapita njia, na Joyline, ambaye hakuwahi kumwona mama akilia, alisimama karibu naye.

Kuanzia juma hilo, kila Alhamisi Peres alimtembelea mshauri nasaha aliyependekezwa na Mama Lenox. Hesabu za Jumamosi zilikoma. Joyline alimwomba mdogo wake msamaha. Anita aliitikia, lakini kwa muda wa mwezi mzima hakukubali kubaki naye peke yake, na hilo lilimuuma Joyline kuliko makofi.

Jioni moja, wakipika ugali, mama alimwita Joyline karibu.

"Ulikosea kumfungia Anita," alisema. "Nami nilikosea kukupiga. Nisamehe. Mimi nilidhani maumivu nikiyanyamazia yatakwisha. Hayakuisha, yalisubiri, na yakawaangukia nyinyi. Mtu mzima akikuumiza, sema. Wa kwanza asipokusikia, mwambie wa pili. Wa pili akikataa, mtafute wa tatu. Usichoke kama nilivyochoka mimi."

Joyline aliinamisha kichwa. Kidonda cha mdomo kilikuwa kimepona, lakini swali lilikuwa bado linamkereketa.

"Na akiwa ni wewe, Mama?"

Peres aliinua mwiko kutoka sufuriani, akamtazama binti yake machoni.

"Hata nikiwa mimi," alisema. "Nenda kwa Mama Lenox, umwambie."